Kifuniko Kilichokunywa Maji: Kisa cha Jakuzi Moja Wakati wa Baridi

Shemeji alipiga simu kabla sijanawa uso. "Shemeji, jana uniti 15. Juzi 15. Na tangu Jumapili hakuna hata mguu mmoja ulioingia humo."

Alikuwa akisema jakuzi lake, lile beseni kubwa la kuogea lenye maji ya moto wakati wote, lililokaa nje nyuma ya nyumba juu ya sakafu ya zege, mahali panapopigwa na upepo. Alikuwa amelifungia mita yake ndogo peke yake, na kwa hilo namshukuru hadi leo, maana bila mita hiyo kisa hiki kingekuwa porojo tu. Uniti ninayoisema hapa ni kilowati-saa moja, ile ile inayohesabiwa kwenye umeme wa nyumbani. Baridi iliyotangulia, alisema, mita ilikuwa ikisoma 9 au 10 kwa siku.

Na jibu alikuwa nalo tayari. Alitaka kuagiza kifuniko kinene zaidi, sentimita 15 badala ya 10 za sasa. Kwangu alitaka baraka tu.

Sikumpa. Kifuniko chake hakikuwa kizima, hilo nitalifikia, lakini hesabu ya unene ni fupi na ningemdanganya kama ningeiruka. Foamu kavu ya sentimita 10 hupitisha takriban theluthi moja ya wati kwa kila mita ya mraba, kwa kila nyuzi moja ya tofauti kati ya joto la ndani na la nje. Kifuniko chake kina mita za mraba 4. Maji yapo nyuzi 39, nje wiki ile wastani ulikuwa nyuzi 3 chini ya sifuri, kwa hiyo tofauti ni 42. Zidisha: wati 56 hivi, sawa na taa moja ya zamani ya mwanga wa njano. Kwa siku nzima ni uniti 1.3. Ukiongeza unene hadi sentimita 15, inashuka ikakaribia 0.9.

"Shemeji, unataka kununua kifuniko kizima uokoe nusu uniti?"

Akanyamaza kidogo. "Sasa hizo nyingine zinakwenda wapi?"

Nikamwambia nakuja, na asikiguse kifuniko mpaka nifike.

Asubuhi ya umande ulioganda

Nilifika kabla ya jua kuchomoza, kwa makusudi. Usiku wenye anga safi huacha juu ya kifuniko utando mweupe wa umande ulioganda, na utando huo ni ramani ya bure. Penye baridi unakaa. Penye joto linalotoka unayeyuka, au haujengeki kabisa. Jua likishapanda, ramani imefutika.

Jakuzi lenyewe ni la mraba, lita 1,300, uso wa maji mita za mraba 3.5 hivi. Kifuniko ni vipande viwili vilivyoungana katikati kwa mkunjo, kama daftari lililofunguliwa, na kilikuwa na miaka sita. Ndani yake ni foamu nyeupe ya punje-punje, ndugu wa ile inayozunguka televisheni mpya ndani ya boksi. Foamu hiyo huvikwa nailoni iliyochomelewa kingo zake ili mvuke usiingie, kisha juu ya nailoni ndipo linakuja gamba la vinili lenye zipu, lile ambalo macho yanaliona. Kwenye mkunjo unene ni sentimita 12, kwenye kingo 8, ili maji ya mvua yateleze.

Nusu ya kushoto ilikuwa nyeupe yote, safi, kama imenyunyiziwa unga. Nusu ya kulia ilikuwa na weupe pembeni tu, katikati ni madoa-madoa. Na katikati kabisa, kufuata mkunjo, kulikuwa na ukanda mweusi wenye upana wa kiganja, umelowa, hauna hata chembe ya umande. Mvuke ulikuwa ukipanda kutoka humo polepole, mwembamba, ukikatwa na upepo kabla haujafika usawa wa kiuno.

Lakini kilichonishika zaidi kilikuwa upande wa pili, kwenye kona ya kulia isiyopigwa na upepo. Chini ya pindo la kifuniko, lile linaloning'inia kufunika ukingo, zilikuwa zimeota ndevu za barafu. Ndefu kama kidole cha kati, nyembamba, zimepinda kidogo kuelekea upepo unakokwenda. Siku tatu hakukuwa na theluji wala mvua. Maji hayo hayakutoka angani. Yalitoka ndani ya jakuzi yakiwa mvuke, yakapita kwenye mwanya, yakakutana na baridi, yakaganda. Joto linalopenya kwenye foamu peke yake haliwezi kuotesha ndevu pakavu.

Nilikuwa na kipimajoto cha kulenga kwa mwali, na ningependa kusema kilinisaidia. Kiliniyumbisha kwanza. Nusu nyeupe ilisoma nyuzi 11 chini ya sifuri wakati hewa ilikuwa nyuzi 5 chini ya sifuri. Kitu kilicholala juu ya maji ya moto kinakuwaje baridi kuliko hewa? Ni anga: usiku mweupe usio na mawingu huvuta joto kutoka kila kitu kinachoitazama, hata paa la gari. Kwa hiyo namba zenyewe hazina maana saa ile. Maana iko kwenye tofauti kati ya sehemu na sehemu, na hiyo umande ulishanionyesha bila betri.

Kipande chepesi na kipande kizito

Tulifunua. Shemeji alishika upande wa kushoto akainua kwa mkono mmoja. Alipokwenda kulia aliinama, akashika, akaniangalia. "Hiki huwa tunainua wawili siku hizi." Tangu lini? Hakumbuki. Uzito wa namna hii huja kidogo kidogo, na mwili unazoea kabla kichwa hakijagundua.

Tulifungua zipu tukatoa foamu zote mbili, tukazipima kwa mzani wa bafuni. Ya kushoto kilo 6. Ya kulia kilo 39. Lita 33 za maji zimejificha ndani ya kitu kilichotengenezwa kuzuia maji.

"Ndiyo hiyo, shemeji," akasema, karibu kwa furaha. "Foamu imelowa, imekufa. Ndiyo inayokula umeme."

Hapa ndipo watu wengi husimama, na mimi miaka ya nyuma ningesimama hapo pia. Maji hupitisha joto mara 17 hivi kuliko foamu kavu, kwa hiyo foamu iliyolowa inaonekana kama mwizi aliyekamatwa na mali mkononi. Ila piga hesabu. Kipande kile kina ujazo wa lita 200. Maji ni 33, yamesambaa kwenye vijinafasi kati ya punje. Nikakadiria kwamba sasa kinapitisha joto mara mbili ya kawaida yake. Mara mbili ya kidogo ni kidogo. Kifuniko chote, nusu kavu na nusu iliyolowa, kinapoteza uniti 2 kwa siku badala ya 1.3. Bado hatujaziona zile 13.

Madhara ya maji hayo yako kwenye uzito. Tulirudisha kifuniko mahali pake nikalaza ubao ulionyooka juu ya nusu ya kulia: katikati palikuwa na bonde la sentimita 3. Foamu ilikuwa imebonyea kwa kulemewa na yenyewe. Na kitu kikibonyea katikati, kingo zake hunyanyuka, kama soli ya kiatu kilichokaushiwa juani. Kwenye mkunjo vipande viwili havikuwa tena vinakutana uso kwa uso. Vilikutana juu tu, chini vimeachana, na ule mto mwembamba wa foamu ambao ungepaswa kuziba hapo ulikuwa vipande vifupi vitatu vyenye nafasi katikati. Nilipitisha kidole cha shahada bila kulazimisha.

Kwa ukingo nilitumia karatasi. Unakata vipande vyembamba, unavibana kati ya kifuniko na ukingo wa jakuzi, unafunga mikanda, kisha unavuta kimoja kimoja, kama mtu anavyojaribu mpira wa mlango wa friji. Karatasi inayoshikwa, hapo pamebana. Inayoteleza, hapo pana njia. Upande wa kushoto zote zilishikwa. Upande wa kulia, kuelekea ile kona ya ndevu za barafu, saba mfululizo zilitoka kama zimepakwa mafuta.

Kuhesabu mvuke

Ilibaki kujua mvuke unachukua kiasi gani. Mvuke una ushahidi usiofichika: maji yanapungua.

Tulibandika utepe kwenye ukuta wa ndani, nikachora mstari kwa kalamu pampu ikiwa imetulia na maji yakiwa nyuzi 39. Siku nne hakuna kuoga, hakuna kufunua, hakuna kuongeza maji. Kisha tunasoma tena kwenye joto lile lile, maana maji yakipoa hujikunyata na yatakudanganya.

Milimita 8. Kwa uso ule ni lita 28, yaani 7 kwa siku.

Nakiri kwamba nilipoiona namba hiyo niliwaza bomba linavuja, na nikapoteza nusu siku nimelala ubavu kwenye zege. Nilifungua mlango wa ubavuni, nikatandika maboksi makavu chini ya pampu, chini ya hita, chini ya kila kiungo cha bomba. Kesho yake maboksi yote yalikuwa makavu kabisa. Maji hayakushuka chini. Yalipanda juu.

Sasa hesabu iliyonifanya niandike kisa hiki. Kugeuza lita moja ya maji kuwa mvuke, kwa joto la jakuzi, kunataka takriban uniti 0.67. Lita hiyo hiyo ukiileta ya baridi kutoka bombani na kuipasha hadi nyuzi 39, inataka 0.04 tu. Mtu anayelalamika kwamba kuongeza maji baridi kunampandishia umeme analia na makapi. Punje zilishaondoka na mvuke. Lita 7 kwa siku ni uniti 4.7. Juu ya hapo, mvuke hautoki peke yake. Unatoka na hewa ya moto, na nafasi yake inajazwa na hewa ya baridi inayoingia upande mwingine na kutaka kupashwa nayo. Hiyo nikaikadiria karibu uniti 2 nyingine. Jumla 6 na zaidi ya nusu, kwa mianya ambayo ukiiweka pamoja haifikii ukubwa wa sahani ya chai.

Nilitaka njia ya pili ya kuhakikisha, kwa sababu mtu akipima kwa njia moja tu hujipenda. Usiku wa tano tukafanya jaribio la kupoa. Themostati inashushwa hadi mwisho ili hita isiwake, lakini swichi kuu haizimwi. Katika baridi ya namna ile pampu lazima iendelee kuzungusha, kwani mabomba membamba ya ubavuni huganda muda mrefu kabla ya maji ya katikati, na bomba likipasuka utasahau habari za uniti. Saa nne usiku maji yalikuwa 39. Saa kumi na mbili asubuhi, 36.2. Kila nyuzi moja ya lita 1,300 ni uniti 1.5, kwa hiyo saa nane zilikula 4.2, sawa na karibu 12.7 kwa siku. Mita ilikuwa ikisema 15, na katika hizo 2.4 ni za pampu ndogo inayozunguka mchana na usiku. Kumi na tano toa 2.4 ni 12.6. Namba mbili kutoka njia mbili zikasalimiana.

Pampu nayo huyapa maji joto kidogo, ukiihesabu hiyo jakuzi lilikuwa linapoteza 14 na kitu kwa siku. Mvuke na hewa 6.5, foamu ya kifuniko 2, zilizobaki, kama 5.7, zinapita kwenye mbavu na sakafu. Hizo za mbavu ni kisa kingine na sikuja kwa ajili yake. Lakini tazama mgawanyo huo: katika joto lote linalopita juu, zaidi ya robo tatu lilikuwa halipiti kwenye kifuniko. Lilikuwa linakizunguka.

Kuziba kwanza

Tuliyoyafanya siku ile hayakuhitaji kuagiza chochote cha ajabu. Tulitafuta ile mirija mirefu ya foamu inayovalishwa mabomba, tukaichana, tukaikunja maradufu, tukaivika nailoni na kuishindilia kwenye mfereji wa chini ya mkunjo kutoka mwisho hadi mwisho, kipande kimoja bila kiungo. Kwenye ukingo, pale zilipoteleza karatasi, tukabandika mpira wa kuziba milango. Hapa baridi ilitutesa: gundi haishiki kwenye plastiki yenye barafu. Tulifuta ukingo kwa spiriti, kisha tukaupasha kwa kuviringisha juu yake chupa ya maji ya moto, kipande kwa kipande. Shemeji alipendekeza draya ya nywele. Nikamwambia draya ya umeme na beseni la maji havikai meza moja.

Mikanda minne ya pembeni ilikuwa imelegea. Tuliivuta, tukaongeza miwili inayopita juu ya kifuniko chote kukandamiza zile kingo zilizonyanyuka.

Kisha blanketi la kuelea. Ni shuka jembamba la foamu isiyonyonya maji, milimita 6, linakatwa kwa umbo la jakuzi na kulazwa juu ya maji yenyewe. Watu wengi hulidharau kwa wembamba wake, na kama lingekuwa la kuhami tu wangekuwa na haki. Kazi yake ni kuyanyima maji uso wa kutolea mvuke. Mvuke usipozaliwa, mwanya hauna cha kupitisha, na foamu ya juu haina cha kunywa. Angalizo moja ambalo silitanii: mtu akitaka kuingia, blanketi linatoka lote, likunjwe pembeni. Lisisukumwe nusu. Mtoto akiteleza chini yake, kwa juu utaona maji yametulia tu.

Kuna mambo mawili shemeji alikuwa ameyafanya kabla sijafika ambayo niliyaondoa. Kwanza, alikuwa amebandika karatasi ya fedha inayong'aa upande wa chini wa foamu, imegandana nayo kabisa, kwenye mvuke. Karatasi ya namna hiyo hurudisha joto ikiwa mbele yake pana nafasi ya hewa na uso wake unabaki kavu na unang'aa. Ikishikana na kitu, au ikifunikwa na matone, ni pambo. Pili, akitia klorini nyingi ya kusafisha maji alikuwa anafunga kifuniko papo hapo "ili isipotee". Gesi ile inajikusanya chini ya kifuniko na kula vinili na nailoni kimya kimya. Baada ya dozi kubwa, pampu izunguke na jakuzi libaki wazi kama nusu saa, hata kama baridi inauma. Joto la nusu saa ni bei ndogo kuliko nailoni iliyokauka na kukakamaa.

Aliuliza pia kama ashushe joto wiki ambazo hawaogi. Ashushe, kwa nini asishushe. Toka 39 hadi 36 inapunguza tofauti kwa 3 katika 42, asilimia 7 hivi, na mvuke hupungua zaidi ya hapo. Kuzima kabisa sikumruhusu, kwa sababu ya mabomba.

Mita ilisemaje

Wiki iliyofuata mita ikaanza kusoma 10.1. Shemeji alinipigia akicheka, nami nikamharibia furaha kidogo: wiki ile nje kulikuwa na joto zaidi, wastani nyuzi 1 juu ya sifuri. Huwezi kulinganisha siku ya baridi na siku ya nafuu halafu ukajipongeza. Toa pampu, gawanya kwa tofauti ya joto. Mwanzo: 12.6 kwa nyuzi 42, ni 0.30 kwa kila nyuzi. Sasa: 7.7 kwa nyuzi 38, ni 0.20. Theluthi moja imeondoka kweli, bila msaada wa hali ya hewa. Mstari kwenye utepe ulithibitisha: siku nne, milimita 3 badala ya 8. Asubuhi ndevu za barafu hazikuwepo, na ule ukanda mweusi wa katikati ulibaki na madoa mawili tu, moja kila mwisho wa mkunjo.

Kifuniko kipya kilikuja baada ya wiki tatu. Nilimshawishi abaki na wastani wa sentimita 10 zile zile, na alichookoa kwenye unene akitumie kudai vitu vingine: mto wa mkunjo uwe mmoja usiokatika kutoka ukingo hadi ukingo, nailoni iwe nene na iliyochomelewa kwa joto badala ya kukunjwa na kubandikwa, pindo literemke vya kutosha, foamu iwe nzito zaidi ili isibonyee mapema. Vipimo tulichukua kwenye ukingo wa nje wa jakuzi, pamoja na mviringo wa kila kona. Kona ikikosewa kidogo tu, pindo hukaa upande na umerudi pale pale. Siku za kwanza nje kulishuka hadi nyuzi 5 chini ya sifuri, na mita ikasoma 9.1. Ukigawanya kwa namna ile ile ni 0.15, nusu ya tulipoanzia. Maji: milimita 1 kwa siku nne, ambayo hata kalamu yangu ni nene kuliko hiyo.

Theluji ilianguka wiki hiyo hiyo. Ilikaa juu ya kifuniko kipya sawasawa, kote, hadi kwenye mkunjo. Shemeji alinitumia picha bila neno lolote. Nilimjibu aifagie ikifika kimo cha kiganja, kwa ufagio laini na si koleo, maana theluji changa huhami vizuri lakini ikilowa inakuwa mzigo, na mzigo ndio uliotufikisha hapa.

Kuipasua foamu ya zamani

Kifuniko cha zamani hatukukitupa hivi hivi. Nilitaka kuona maji yaliingilia wapi, kwa sababu gamba la juu halikuwa na hata tundu moja. Shemeji aliapa kwamba ni mvua.

Tuliichana ile foamu nzito kwa msumeno wa mkono, asubuhi, nje kwenye baridi. Meno yalikata vizuri theluthi mbili za chini, maji yakitiririka kwenye mkono. Yakifika theluthi ya juu yalianza kukwaruza. Ilikuwa barafu: tabaka lenye unene wa vidole viwili, punje nyeupe zimegandishwa pamoja, likiwa karibu na upande wa juu unaoangalia anga. Upande wa chini, unaokaa juu ya maji ya moto, ndio uliokuwa mkavu kuliko wote. Kama ingekuwa mvua, ingepita juu na kujaa chini. Hii ilipanda. Mvuke uliingia kwa chini, ukapenya katikati ya punje ukitafuta baridi, ukaikuta karibu na juu, ukawa maji, ukakaa. Usiku kwa usiku, miaka kadhaa.

Mlango tuliupata kwenye kona ya foamu, mwisho wa mkunjo, upande ule ule wa ndevu za barafu. Nailoni ilikuwa imepasuka pale ilipochomelewa, mpasuko wa sentimita 4, kingo zake zimekuwa za njano na ngumu kama ganda la kitunguu kikavu. Nilizikunja kwa kidole zikavunjika.

Shemeji aliitazama muda mrefu. "Sentimita 4?"

"Nne."

Ile nusu nyepesi, ya kilo 6, ilikuwa bado kavu na nailoni yake nzima. Ameikata vipande na kuvipachika ndani ya mbavu za jakuzi, akiacha wazi upande wa pampu ili mota ipumue. Nimemwambia asinipigie simu mpaka awe na siku nne za mita.